Jiwe jeusi zito limetoka shambani Mbozi, dalali anasema ni kimondo. Nitajuaje?

KijanaWaIgamba:

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wenu mapema maana nyumbani hakukaliki.

Juzi tulikuwa tunachimba mashimo ya miche ya kahawa kwenye shamba la babu huku Igamba, jembe likagonga jiwe. Ni jeusi, linajaa viganja vyote viwili, na uzito wake si wa kawaida: mizani ya dukani imesoma kilo 2.25. Upande mmoja lina kutu. Upande wa pili ni laini, umejikunjakunja na una vitobo. Nimelisogezea sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Upande wa kutu inanasa barabara, upande wa pili inavutwa kwa mbali tu.

Habari zimeshasambaa kijiji kizima. Kaja dalali kutoka mjini, kalishika, kaligeuzageuza, akasema hiki ni kimondo, mtoto wa kile kikubwa cha Ndolezi, na kwamba ana mzungu anayenunua kwa gramu. Ila kwanza tutoe laki moja na themanini ya mashine ya kupimia. Baba mdogo ameshaanza kutafuta mteja wa mbuzi wake ili hela ipatikane. Mimi roho inasita. Kuna namna ya kujua mwenyewe, bila mashine, kama hili ni kimondo au ni jiwe tu la hapa hapa?

Mchimbaji_01:

Hongera kijana. Jeusi, zito, sumaku inanasa, unataka nini tena? Hicho ndicho chenyewe. Msikubali bei ya kwanza tu.

MzeeWaSampuli:

Kijana wangu, kabla ya lolote mwambie baba mdogo mbuzi wabaki zizini. Mnunuzi wa kweli hamtozi muuzaji hela ya kipimo. Anapima kwa gharama yake, kwa sababu ni yeye anayetoa fedha na ni yeye anayeogopa kuuziwa mawe. Miaka yangu ya kazi imeishia kwenye vyumba vya kuandaa sampuli, Chunya na kwingineko, nikivunja, nikisaga na kupima mawe ya watu. Nimeona familia zikiuza mpaka bati za nyumba kwa ajili ya hiyo hiyo "hela ya mashine". Inauma kwa sababu vipimo vya mwanzo havigharimu chochote.

Mchimbaji, nikujibu na wewe kwa heshima. Sumaku inafaa kukataa, haitoshi kukubali. Vimondo vingi vina chembe za chuma chenye nikeli, ndiyo maana sumaku huvutwa. Jiwe lisilovuta kabisa, hata sumaku ikining'inizwa kwa uzi, uwezekano wake wa kuwa kimondo ni mdogo mno. Lakini pale Liganga, Ludewa, kuna mlima wa madini ya chuma unaovuta sumaku kwa nguvu kuliko vimondo vingi vya mawe, na hakuna hata punje moja iliyotoka angani. Na mkitumia sumaku, ining'inizeni kwa uzi isogee yenyewe, msiligandishie jiwe. Ndani ya kimondo huwa kumehifadhiwa alama ya usumaku wa zamani sana, wanasayansi wanaisoma, na sumaku kali ikigusa mara moja inaifuta.

Sasa turudi kwenye jiwe lako. Kitu kinachonitia shaka kuliko vyote ni hivyo vitobo.

Kimondo huingia kwenye anga letu kwa kasi inayozidi kilomita 11 kwa sekunde. Joto la kupita hewani linayeyusha ngozi ya nje tu, na kile kilichoyeyuka kinapeperushwa hapo hapo. Mambo yote ni ya sekunde chache, kwa hiyo joto halipati nafasi ya kuingia ndani. Kikishapungua kasi, safari ya mwisho kinaanguka kama jiwe lolote lililorushwa. Tarehe 14 Agosti 1992 vimondo vilinyesha Mbale, Uganda, na kipande cha gramu chache kikapiga majani ya mgomba kisha kikamdondokea mvulana kichwani. Hakuumia wala hakuungua. Mtu akikusimulia kimondo kilichotua kikiwaka mpaka kikachoma nyasi, muulize maswali zaidi.

Matundu ya gesi yanahitaji kitu tofauti kabisa: jiwe lote liyeyuke, gesi ichemke ndani yake, kisha lipoe kabla gesi haijatoka. Hilo hutokea kwenye volkano, na ninyi mko jirani na Rungwe, mawe yake yenye matundu mnayajua. Hutokea pia kwenye tanuru. Kwa kimondo ni nadra sana.

Ganda nalo litazame vizuri. Kimondo kipya kina ganda jeusi jembamba sana, mara nyingi halifiki milimita moja, na lina weusi mkavu usiong'aa. Kona ikivunjika unaona mstari mwembamba mweusi nje na rangi ya kijivu ndani. Vingine vina mabonyeo mapana, kama mtu alipitisha dole gumba kwenye udongo wa kufinyanga. Mabonyeo si matundu, hapo ndipo wengi wanachanganya.

Igamba na Ndolezi si mbali, kwa hiyo nenda ukakitazame Kimondo cha Mbozi kwa macho yako. Kina urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa tani 16. Mpimaji W. H. Nott alipokitolea taarifa mwaka 1930 kilikuwa kimefukiwa, mgongo tu ndio ulioonekana. Baadaye wakachimba pembeni, wakaacha nguzo ya udongo chini yake, wakaiimarisha kwa zege. Simama kwenye ule mwisho wake uliochongoka utaona watu walipokatakata vipande vya kumbukumbu. Chungulia hapo kwenye mikato. Ni chuma kitupu mpaka ndani, chuma karibu asilimia 90 na nikeli karibu 9, hakuna povu wala kioo.

Hapo hapo unaweza kumpima dalali wako. Kama jiwe lako ni mtoto wa kile, basi nalo ni chuma cha namna ile, na chuma cha namna ile kina uzito unaokaribia mara 8 ya maji. Kilo 2.25 za chuma hicho zina ujazo wa mililita 290 hivi. Lingekaa kwenye kiganja kimoja. Wewe umesema linajaa viwili.

Fanya haya kisha urudi hapa. Chukua ile mizani ya dukani kama ni ya dijitali, weka juu yake ndoo ndogo yenye maji, bonyeza isome sifuri. Funga jiwe kwa uzi, lizamishe lote ndani ya maji ukiwa umelishikilia, lisiguse chini wala pembeni. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawa kilo 2.25 kwa namba hiyo. Granaiti itakupa 2.7 hivi, mawe ya volkano karibu 3 au pungufu kama yana matundu, vimondo vya kawaida vya mawe 3.2 hadi 3.7, madini ya chuma kama ya Liganga karibu 5, kimondo cha chuma 7 na zaidi.

Halafu tafuta kigae kilichovunjika, upande wa nyuma usio na mng'ao, ulisugue jiwe pale kwa nguvu. Likiacha mstari wa rangi ya damu ya mzee, hilo ni jiwe la chuma la ardhini. Likiacha mstari mweusi mzito, ni ndugu wa Liganga. Kimondo kwa kawaida hakiachi kitu, au kinaacha kijivu cha kufifia.

Mwisho chukua tupa ile ya kunolea panga, usawazishe kona moja ndogo, eneo la kucha ya kidole kidogo linatosha, umalizie na msasa laini. Usilipige nyundo. Kwenye kimondo cha kawaida cha mawe utaona chembe za metali nyeupe zimetawanyika kwenye kijivu, na ukibahatika utaona punje za mviringo za milimita moja au pungufu. Wataalamu wanaziita kondruli. Miamba ya duniani haina punje hizo. Ukiona mishipa myeupe ya kwatzi (quartz), lile jiwe ambalo wachimba dhahabu wanalifuata chini ya ardhi, basi acha, vimondo havina mishipa hiyo.

Nitoe tahadhari moja kuhusu maji, kwa wengine mtakaosoma hapa. Vipo vimondo ambavyo si vizito wala si vigumu. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, huko huko upande wa Ziwa Rukwa, yakaokotwa gramu 705 tu. Ni cheusi mpaka ndani, laini, hakina hata kondruli. Kundi zima la vimondo adimu sana, CI, linabeba herufi I ya Ivuna katika jina lake, na udongo ambao chombo cha Japani kilileta kutoka Ryugu, asteroidi (mwamba unaozunguka jua), mwaka 2020 umekutwa unafanana na kundi hilo. Kitu cha namna hiyo ukikitumbukiza kwenye ndoo kinaweza kumomonyoka. Kwa hiyo mtu akiona kwa macho kitu kimetoka angani na kimetua, asikioshe, asikilowanishe. Akifunge kwenye karatasi safi ya alumini ile ya jikoni, akiweke pakavu. Lako limetoka ardhini na limeshanyeshewa masika mengi, maji ya ndoo hayatalidhuru.

KijanaWaIgamba:

Shikamoo mzee. Mungu akubariki, nimesoma neno kwa neno na baba mdogo nimemsomea kwa sauti.

Majibu ni haya. Mizani na ndoo: imesoma 0.70, kwa hiyo nikigawa napata 3.2. Hapo moyo ulinipasuka kwa furaha maana iko kwenye namba zako za vimondo vya mawe. Kigae: hakuna mstari, kijivu kidogo sana. Napo furaha. Lakini tupa imenirudisha chini. Nimesawazisha kona, ndani ni kijivu cheusi kinachong'aa kama chupa, na matundu yapo mpaka ndani, mengine makubwa kuliko ya nje. Chembe nyeupe za chuma sizioni ila upande wa kutu, pale kuna donge moja la chuma.

Kuna mambo mengine mawili sikuyasema mwanzo. Kwenye ule upande laini kuna kijishimo kina mistari mistari midogo iliyonyooka, sambamba, ukipitisha ukucha unaisikia. Na shimo lile lile lilitoa vipande vya udongo uliochomwa, vina uwazi katikati kama mabomba. Kimoja ncha yake imeyeyuka imekuwa ya kijani na inang'aa. Babu anasema eneo lile zamani walikatazwa kulima, sababu haijui.

MzeeWaSampuli:

Marahaba kijana wangu. Umefanya kazi nzuri kuliko mafundi wengi, na sasa jibu unalo mkononi. Hayo ni mavi ya chuma, yaani taka iliyoyeyuka ikabaki watu walipotoa chuma kwenye mawe. Umechimba mahali palipokuwa na tanuru ya kuyeyushia chuma.

Namba ya 3.2 isikusumbue. Mavi ya chuma yana chuma kingi ndani yake bado, ndiyo maana ni mazito, na matundu yanayapunguzia uzito mpaka yanaangukia kwenye namba za vimondo vya mawe. Kipimo kimoja hakiamui. Kimondo cha mawe chenye uzito huo kingekuonyesha chembe za metali kila mahali kwenye kona uliyosawazisha, wewe umekuta kioo na povu. Donge la chuma upande wa kutu ni chuma kilichobaki kimenaswa ndani ya mavi, nalo ndilo lililonasa sumaku yako.

Hicho kijishimo chenye mistari nakuomba ukitazame tena jua likiwa linapiga kwa ubavu. Ni chapa ya mkaa. Mavi yalipokuwa bado yanatiririka yalikumbatia kipande cha mkaa, yakaganda, mkaa ukaungua au ukachomoka, ikabaki alama ya nyuzi za mti. Hakuna mti angani, kwa hiyo kijishimo hicho peke yake kingetosha kumaliza mjadala. Na hayo mabomba ya udongo ni mirija ya kuingizia hewa chini ya tanuru. Ncha iliyoyeyuka ni ile iliyokuwa ndani ya moto.

Wanyiha wa Mbozi walikuwa mafundi wa chuma, kama majirani zao Wafipa wenye matanuru marefu wanayoyaita malungu. Tanuru refu linavuta hewa lenyewe kupitia mirija mingi iliyopangwa chini, bila mtu kukaa anavukuta. Walichoma mawe ya chuma na mkaa mpaka wakapata donge la kufulia majembe, mashoka na mikuki, na waliendelea hivyo mpaka majembe ya dukani yalipoua soko lao. Kazi ile ilikuwa na miiko mingi, kwa hiyo babu yako aliyeambiwa pasilimwe huenda aliachiwa kumbukumbu ya kweli hata kama sababu ilipotea njiani.

Nakuomba kitu kimoja kwa dhati. Miche ya kahawa isogeze pembeni hatua kadhaa, na hapo msiendelee kuchimba. Piga picha mirija ilivyolala, chukua majira ya mahali (GPS) kwa simu, kisha mpeleke afisa utamaduni wa wilaya. Dalali hatatoa hata shilingi kwa vitu hivyo. Mimi ningekuwa na miguu ya zamani ningekuja kuviona kabla ya kwenda kuona kimondo chochote.

WaMakueni:

Hamjambo nyote. Nafuatilia kutoka Kenya. Hapa kwetu, kijiji cha Mukuku, tarehe 30 Desemba 2024 kulianguka pete ya chuma kutoka juu, kipenyo chake kama mita 2.5 na uzito karibu kilo 500. Watu wengi walianza kusema ni kimondo. Mzee, hiyo ungeitofautisha vipi kama si hiyo shepu yake?

MzeeWaSampuli:

Karibu sana. Hiyo Shirika la Anga la Kenya lilikuja likaichukua na kueleza kwamba ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Umbo lilitosha, lakini swali lako ni zuri, kwa sababu siku nyingine kinaweza kuanguka kipande kilichopasuka kisicho na umbo. Hapo mnaangalia metali yenyewe. Vyombo vya anga vinaundwa kwa alumini, titani na vyuma vya pua. Kimondo cha chuma ni chuma na nikeli, nikeli mara nyingi asilimia 5 na kuendelea, na kikikatwa, kikasuguliwa na kupakwa asidi nyepesi, vingi hutoa michoro ya mistari inayopishana. Michoro hiyo inatokana na metali kupoa polepole kwa mamilioni ya miaka ndani ya asteroidi. Hakuna kiwanda kinachoweza kuiiga. Na kitu cha roketi msikiguse kwa mikono mitupu, mafuta yake mengine ni sumu. Itaneni polisi, kaeni mbali.

Mchimbaji_01:

Mzee shikamoo, na kijana samahani kwa haraka yangu. Nina swali lenye maslahi. Mwaka jana kwenye marudio (mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa) karibu na karasha, mashine ya kusagia mawe, niliokota donge la chuma kitupu, la mviringo mviringo, lina mabonyeo, linanasa sumaku vibaya sana. Kwa ndoo limetoa 7.6. Nimelifungia kabatini. Si povu, si kioo, si mavi. Hili nalo unalikataa?

MzeeWaSampuli:

Marahaba. Silikatai kabla ya kulipima, ila neno "karasha" limenifanya niinue kichwa. Ndani ya makarasha kuna mipira ya chuma ya kusagia. Ikilika inapoteza umbo, inabonyea, inatupwa na marudio, na ikipigwa na mvua miaka michache inapata ganda la kutu la kumdanganya mtu yeyote. Mbele ya ndoo na sumaku, mpira wa karasha na kimondo cha chuma vinafanana, kwa hiyo lako ndilo linalostahili mashine. Na mashine si ya dalali. Baadhi ya wanunuzi wa dhahabu na wa chuma chakavu wana ile ya XRF ya kushika mkononi, inayosoma kila metali ni asilimia ngapi. Piga tupa sehemu ndogo mpaka uone metali safi, mwombe akusomee hapo, ni suala la dakika. Usitazame asilimia ya chuma, tazama nikeli. Ikiwa 5 au zaidi, na kromi na manganizi hazipo, funga donge lako vizuri uende nalo Dodoma, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini. Usilitume nje kwa mtu wa mtandaoni, sampuli za mawe zina taratibu na vibali vyake. Andika pia mahali ulipolikuta, kwa sababu kimondo kinachotambuliwa rasmi kinapewa jina la mahali kilipopatikana, na gramu 20 za kwake zinabaki kwenye taasisi ili wengine waendelee kukisoma. Bila mahali, hata kimondo cha kweli kinapoteza sehemu kubwa ya maana yake kwa wanasayansi.

KijanaWaIgamba:

Mzee, dalali amepiga simu, hela ya mashine sasa imeshuka mpaka elfu sitini. Baba mdogo amemjibu kwamba jiwe limeshapimwa. Afisa utamaduni anakuja na mtu wa mambo ya kale, tumezungushia miba pale kwenye mirija ng'ombe wasikanyage. Babu amefurahi kuliko sisi wote, tangu jana anamsimulia kila anayepita kuhusu matanuru.

Mchimbaji_01:

Nimerudi kutoka kwa mnunuzi. Imesoma chuma 84, kromi 12, manganizi kidogo, nikeli hakuna.

MzeeWaSampuli:

Kromi 12 bila nikeli ni mpira wa kusagia, ndugu yangu. Ahsante kwa kuleta namba kamili. Na mwombe yule mwenye mashine, akiletewa donge lingine lenye nikeli, asilinunue kimya kimya bila kuuliza limetoka wapi.